Nani aongoze tamasha la ndege Mida? Jibu kwa dada wa Watamu

Salaam dadangu wa Watamu. Swali lako ni refu kidogo kwa hivyo nalifupisha hapa ili na wengine wafuate: kikundi chenu cha vijana na kina mama mnataka kufanya tamasha la ndege la siku mbili pale Mida, hori la mikoko kando ya Watamu, mwezi wa kumi, pesa ni kidogo, wewe ndio umeachiwa kazi ya kutafuta watu wa kuongoza matembezi, watu wa sanaa na watu wa utamaduni, alafu unauliza je ni lazima mlete mtaalamu kutoka Nairobi, wazee na wasanii walipwe ama wapewe soda na asante, na mfanye nini na wale wazee waliosema kwenye mkutano kwamba bundi ni mkosi na asitajwe kwenye sherehe.

Jibu fupi: wa Nairobi si lazima, walipwe wote tena sawa na waongozaji wa ndege, na hao wazee wa bundi usiwakwepe, hao ndio unaowatafuta. Sasa nijieleze.

Watu wengi wakipanga tamasha la ndege wanaanza na ndege. Wanataka kujua tutaona aina ngapi, wanachapisha picha ya flamingo kwenye bango hata kama flamingo wenyewe hawana ratiba na mtu. Lakini Mida mwezi wa kumi ndege hawahitaji kualikwa. Vitwitwi, wale ndege wadogo wa matopeni, washashuka toka Siberia na huko kaskazini tangu mwezi wa nane na wa tisa, sululu wenye mdomo mrefu uliopinda wapo, buabua wanaopiga mbizi baharini wapo, na yule mla kaa mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene, ambaye waongozaji wanamwita krabu plova, naye yuko, ametoka kutaga huko Oman na pwani za Ghuba ambako anachimba shimo mchangani anataga yai moja jeupe ndani, alafu anakuja kwetu kula kaa miezi yote ya joto. Hao wote wanakuja bila kamati. Kinachoamua kama mtu atarudi mwakani ni nani alikuwa amesimama mbele yake. Nimeshaona matamasha yenye ndege wachache na watu wakatoka wanacheka, na nimeshaona penye ndege kibao na watu wameanza kuchezea simu saa mbili asubuhi.

Tuanze na waongoza matembezi, ambao kwa kweli mnao tayari. Msitu wa Arabuko-Sokoke uko hapo mlangoni kwenu, kilomita za mraba karibu 420, una waongozaji wake wazawa wenye chama chao, na Mida kuna vijana waliokulia kwenye ile daraja ya mbao ya mikokoni. Hao wa msituni wanaweza kukuonyesha kale kabundi kadogo ka Sokoke kamelala kwenye kichaka mchana kweupe, kitu ambacho msomi wa ndege wa chuo kikuu angezunguka kutwa asikaone. Kabundi kenyewe ni sentimita 16 au 17 tu, na dunia nzima kanajulikana hapo kwenu na jirani yenu, na chini ya milima ya Usambara Mashariki upande wa Tanzania, kwengine hakuna. Sasa uje unambie mtu wa kutoka mbali atafundisha nini hapo. Akija kama mgeni wa heshima sawa, atoe hotuba fupi, lakini asiongoze njia asiyoijua.

Ila kuna shida moja na waongozaji wazuri, na nasema hivi nikiwa mmoja wao: tumezoea watalii. Mtalii wa ndege anakuja na orodha yake, umuonyeshe kitu apige tiki asonge. Mtu wa tamasha ni mama amebeba mtoto, ni mwalimu na darasa lake, ni kijana wa boda ameshusha abiria akaamua kuchungulia kuna nini. Huyu ukianza kumwambia tofauti ya vitwitwi wawili wa kijivu ni kupinda kwa mdomo na rangi ya juu ya mkia umeshampoteza, na hatakwambia, atarudi nyuma polepole mpaka ukigeuka hayupo. Kwa hivyo usichague kwa kuuliza nani anajua majina mengi. Chukua kila mtu unayemfikiria, mpe watoto watatu na mzee mmoja kwa nusu saa, wewe kaa nyuma kimya uangalie macho yake yako wapi. Akiwa anaangalia ndege muda wote huyo mpe kazi ya kuhesabu, na ni kazi nzuri, kuna programu za simu za kurekodia, takwimu zitakwenda kwa wanaozihitaji. Akiwa anaangalia watu, anangoja wa mwisho afike ndio anaanza kuongea, anampa mtoto nafasi aseme yeye kwanza ameona rangi gani, huyo ndio kiongozi wa matembezi hata kama anajua ndege thelathini tu. Pale Nairobi makumbusho kuna matembezi ya ndege ya kila Jumatano asubuhi ambayo Fleur Ng'weno ameyaongoza kuanzia 1971, chini ya chama ambacho leo ni Nature Kenya, na waongozaji wengi wanaotegemewa nchi hii walianzia hapo, kwa kutembea tu wiki baada ya wiki.

Kitu kengine, na hapa ndio matamasha ya pwani huharibikia, ni maji. Ratiba ikiandikwa na mtu wa ofisini utaona saa moja asubuhi kuangalia ndege, siku zote mbili, kwisha. Sasa maji yakiwa yamepwa kabisa vitwitwi wako mbali kule matopeni, ni vidoti, na maji yakishajaa kabisa washaondoka kwenda kupumzika. Unachotaka ni yale masaa mawili matatu maji yanapopanda manake yanawasukuma kuja kwako, nyinyi mmekaa tu na darubini wao wanasogea. Kwa pwani yetu bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mchanga na mwezi mpevu, linajaa kwenye saa kumi hivi, alfajiri na jioni, kwa hiyo kama siku zenu zimeangukia bamvua matembezi ya Mida yaanze saa nane mchana, jua kali sawa lakini ndege wapo, alafu asubuhi mwende msituni. Siku za maji mafu, yale yasiyopanda wala kupwa sana, kujaa kunaangukia saa nne saa tano asubuhi, hapo mtadamka mapema, ila mjue maji mafu hayana nguvu sana ya kuleta ndege karibu. Na yale mazoezi ya kupitia njia msifanye wiki moja kabla kama watu wanavyopenda, kwa sababu maji yanachelewa kama dakika hamsini kila siku, ikifika siku ya saba saa ile ile mliyokuta yanajaa mtakuta yamepwa. Fanyeni wiki mbili kabla, hapo yanakaribia kurudi palepale.

Na haya yote niliyoyaandika kwa maneno mengi mvuvi yeyote wa Mida anayajua bila kushika simu. Ndio maana mtu wa kwanza kukaa na wewe kwenye meza ya ratiba ni mvuvi, tena mapema, kabla ya mtu wa bango. Pia ndio mmoja wa viongozi wako, usije ukamsahau ukishapata tarehe. Anajua buabua wakipiga mbizi pale mbele kuna dagaa, anajua ni mwezi gani ndege gani hukaa kwenye boya lipi, na akisimulia hivyo mtu hatasahau ndege huyo maisha, afadhali kuliko mimi na kitabu changu.

Idadi niseme haraka. Kiongozi mmoja kwa watu kumi, kumi na wawili akizidisha sana, na nyuma kabisa mtu mwengine wa mkia anayehesabu vichwa, haswa kukiwa na watoto maana matope ya Mida yanavuta mguu na maji yanapanda na hayaombi ruhusa. Watoto wa chini ya miaka tisa kumi hawawezi darubini, wanaishia kuangalia kope zao, wape karatasi ya kukunja wachungulie, inafanya kazi vizuri ajabu. Darubini za miguu mitatu mbili zinatosha, moja kwa warefu moja ishushwe kwa wafupi. Na mwambie kila kiongozi: jua liwe mgongoni kwa wageni sio mgongoni kwako, usitaje jina la ndege mpaka kila mtu amemuona, usipige milio ya ndege kwa simu kuwaita, hiyo ni tabia mbaya imeingia sana siku hizi. Vitwitwi wakiacha kula wakainua vichwa wote mko karibu mno, rudini. Wamesafiri maelfu ya kilomita na wanatakiwa wanenepe kabla ya kurudi mwezi wa nne, hawakuja kupigwa picha. Kwa kabundi ka Sokoke ni kali zaidi, watu watano sita kwa zamu moja, kimya, hakuna flashi, na kiongozi wa msitu akisema leo hapana ni hapana hata kama mgeni ni mheshimiwa.

Sanaa sasa. Hapa kosa ninaloliona kila mahali ni kuweka wasanii kwenye hema lao pembeni na ndege huko kwengine, mtoto anachora ndege wa kwenye kalenda wakati wa kweli wapo mita mia. Mtu wako wa kuchora mpeleke ufukweni. Hahitaji kuwa msanii mkubwa, anahitaji awe hacheki kazi ya mtu. Yule anayeandika mabango ya maduka na kupaka matatu rangi mara nyingi ni mwalimu mzuri kuliko aliyesoma chuo, manake amezoea kufanya haraka na kitu kionekane kutoka mbali, na ndivyo ndege anavyotaka kuchorwa: yai la mwili, mdomo umeelekea wapi, miguu mirefu ama mifupi, sekunde thelathini, ndege mwengine. Raba usilete, watoto wakiwa na raba wanafuta siku nzima. Makaa ya jikoni na nyuma ya makaratasi yaliyotumika yanatosha kabisa, na watu wazima wakiona ni makaa wanaacha kuogopa wanakaa chini wachore pia.

Alafu kina mama wenu. Umeandika kwamba kina mama wa kikundi "watashughulikia chakula". Dadangu! Hao ndio wasukaji wa ukili wa mikeka na wewe unawapa sufuria? Nusu ya kikundi wapike siku ya kwanza sawa, lakini mmoja wao akae mkekani na miyaa ya rangi afundishe kusuka, na watu wakiwa mikono inafanya kazi midomo inafunguka, hapo ndio utasikia hadithi za ndege ambazo hakuna jukwaa litakalozitoa. Jambo jengine rahisi na tamu ni kanga. Kila mtu pwani anajua kanga ina pindo, mji na jina, basi wape watu karatasi kubwa wachore kanga yao, pindoni mikoko au mawimbi, kwenye mji ndege waliyemuona leo leo, na jina wajitungie wenyewe. Utaona bibi aliyesema hajui kuchora anapigania jina na wenzake robo saa. Kiongozi wa hiyo kazi awe mwanamke anayejua kutunga majina ya kanga, kila mtaa una mmoja, unamjua.

Na taka za plastiki, si ufukwe umejaa ndara zilizoletwa na maji. Mna mafundi Watamu wanaotengeneza vitu na taka hizo, na nyote mliskia ile dau ya Flipflopi iliyoundwa Lamu kwa plastiki na ndara za kuokota ikasafiri mpaka Zanzibar 2019. Ndege wa ndara wanatengenezeka, ila kisu ashike fundi sio mtoto. Shindano la kuchora mimi silipendi, mtoto mmoja anaondoka na begi na thelathini wanaondoka wamenuna, lakini najua wafadhili wanalipenda kwa ajili ya picha, so hilo nawaachia.

Tufike kwenye utamaduni, ambapo naona ndipo kwenye uzito. Kuna tamasha moja, silitaji, wacheza ngoma waliitwa saa mbili asubuhi wakavalia hando na kayamba zao wakawekwa chini ya mwembe mpaka saa tisa, mgeni rasmi alipofika wakaambiwa chezeni dakika tano apite, wakapewa soda na nauli nusu. Mwaka uliofuata walipoitwa tena hawakwenda, na kamati ikashangaa. Hivyo ndivyo tunavyowafanya watu wa utamaduni, tunawafanya kama pazia. Wakati wana kitu cha kufundisha kuhusu ndege kushinda wengi wetu wenye darubini.

Nikupe ushahidi usio wangu. Mlembe, yule ndege anayeongoza watu kwenye asali, miaka na miaka kuna wanasayansi waliotilia shaka maneno ya warina asali. Hussein Isack, Mkenya, pamoja na mwenzake Reyer wakawafuatilia Waborana wa kaskazini mwa Kenya na kuchapisha matokeo 1989: mtu akitafuta mzinga peke yake ilimchukua kwa wastani karibu masaa 9, akifuata mlembe ni masaa 3 na kidogo, na Waborana walikuwa wakijua kutokana na ndege mwenyewe mzinga uko upande gani na umbali umepungua kiasi gani. Yaani sayansi ilikuja kuthibitisha alichokuwa akisema mzee. Sasa pale kwenu Gede na vijiji vya kando ya msitu kuna warina asali, kuna wazee wanaojua dudumizi akilia hivi mvua iko njiani, kuna watu waliokuwa wakitega ndege kwa ulimbo, ile gundi ya utomvu, walipokuwa vijana na hawapendi kusema. Hao wategaji wa zamani waalike kwa upole. Mtu aliyewahi kutega ndege anajua anakula nini, analala wapi, anarudi saa ngapi, na akikubali kusimulia mbele ya watoto ni somo ambalo mimi siwezi kulitoa. Usimfanye aungame dhambi jukwaani lakini, aseme anachojua tu.

Namna ya kuwaendea ndio kila kitu. Mzee haitwi kwa meseji. Tafuta mtu wa ukoo wake akutangulie, wende mkakae, mfuate taratibu zao za kubisha hodi, mueleze ni sherehe ya nini, alafu mumuulize yeye ni yapi yanasemeka hadharani na yapi ni ya ndani. Mambo mengine hayaonyeshwi na hayo usiyapigie debe. Makaya ya Wamijikenda, ile misitu mitakatifu ya mababu, yaliingia orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO 2008, watu wakasikia hivyo wakadhani ni mahali pa kupeleka basi, la, kaya ina masharti yake, na wenyewe wakisema kamera zikae nje zikae nje. Ngoma pia zina wenyewe na mahali pake. Kifudu ni ngoma ya matanga, usiende kumwambia mtu aicheze kuwachangamsha watalii. Na tafadhali kijana asije akapendekeza kuchonga vigango, zile nguzo za mbao za kuwakumbuka wafu, vidogo vya kuuza kama kumbukumbu, naijua hiyo fikra, imenifikia tayari kwengine. Vigango ni vya marehemu, vimeibwa vya kutosha vikaishia kwenye makumbusho ya Marekani na nyumba za matajiri, hatuhitaji sisi wenyewe kuvifanya vya mchezo.

Hadithi zinazosemeka ziko nyingi. Ya Mekatilili wa Menza, yule mama wa Kigiriama aliyempinga mkoloni, kila mtoto wa Kilifi aisikie tena: inavyosimuliwa, 1913 alimletea mkoloni kuku na vifaranga vyake akamwambia haya chukua kimoja, mkoloni kunyoosha mkono kuku akamdonoa, akamwambia ndivyo utakavyopata ukija kuchukua vijana wetu. Hiyo ni hadithi ya ndege pia! Msimulizi akimaliza kiongozi wa matembezi anawachukua watoto kwenda kuangalia ndege gani wanalinda makinda yao vipi, umeshaunganisha vitu viwili bila kutangaza kwamba unaunganisha. Hivyo ndivyo ningepanga kila kitu, wawili wawili, mtu wa darubini na mtu wa hadithi, mchoraji na mvuvi. Mzee mpe kiti kizuri kivulini na watu wakae mkekani mbele yake, usimpandishe jukwaani na maiki inayolia, na kama anasimulia Kigiriama muwe na mtu wa kugeuza Kiswahili anayejua kukaa kimya mzee akiongea.

Kuhusu bundi. Wazee wenu hawajasema jambo geni, pwani nzima bundi anatajwa pamoja na kifo na mtu akimsikia juu ya paa anamfukuza. Ukienda pale na kijana wa mazingira aanze kuwaambia hizo ni imani potofu umewapoteza wazee, umewapoteza na wajukuu zao, na bundi ataendelea kupigwa mawe. Mimi ningemuomba mmoja wa hao hao wazee aongoze kipindi cha jioni. Aseme yeye bundi anaogopewa kwa nini, nani alimfundisha, kuna bundi wa aina ngapi kwa Kigiriama na wote wana mkosi sawasawa ama la (uliza hilo, majibu yake huwa yanashangaza). Pembeni yake akae kiongozi wa msitu aseme anayojua: kwamba bundi wa majumbani wanakula panya, kwamba kale ka Sokoke chakula chake ni wadudu, kwamba wageni wanapanda ndege kutoka upande mwengine wa dunia kuja kukaona na hela inabaki hapo kijijini. Wasibishane. Watu watajipimia. Na kwenye bango, mwaka huu wa kwanza, msimweke bundi, muwekeni krabu plova ama wale keremkeremu (wala nyuki) wekundu ambao huja kulala mikokoni miezi ya kiangazi, ama hata kwera wa Clarke, ndege msuka viota, ambaye ni wa kaunti yenu ya Kilifi peke yake na kiota chake kilikuja kuonekana mara ya kwanza 2013 tu, huko kwenye msitu wa Dakatcha. Bundi hai wa kwenye kibanda, mtu akijitolea kuleta, kataa kabisa.

Malipo. Najua ndio lilikuwa swali lako kubwa na nimelichelewesha. Kiwango kimoja cha siku kwa kila anayeongoza, awe wa ndege, wa ukili, wa ngoma ama mvuvi, kikundi cha ngoma kilipwe kwa vichwa sio kwa kikundi. Msiwe na kiwango cha "mtaalamu" na kiwango cha "mwenyeji". Chakula na nauli ni mbali na malipo, na pesa iingie M-Pesa siku ile ile kabla ya jua kuzama, sababu maneno ya "tutawatumia wiki ijayo" yameua matamasha mengi. Pesa itatoka wapi? Futa tisheti. Nasema kweli, tisheti na hema la VIP na maspika makubwa ndio vinakula bajeti, na hayo maspika yanafukuza ndege juu yake. Bora siku moja yenye viongozi sita waliolipwa vizuri kuliko siku mbili za watu wa kujitolea waliochoka.

Na usione aibu na udogo. Kule Alaska kuna mji unaitwa Yakutat, watu mia sita hivi, hauna hata barabara ya kuuunganisha na miji mengine, na tangu 2011 wanafanya tamasha lao la buabua, kwa sababu kando yao kuna moja ya sehemu kubwa zinazojulikana ambako buabua wa Aleutian hukusanyika kutaga. Matembezi yanaongozwa na watu wa ndege, wasanii wanaalikwa, na Watlingiti ambao ndio wenyeji wa pale wana nafasi yao, ngoma na ufundi wao umo ndani ya tamasha. Wakiweza wao kwenye ile mvua na baridi, nyinyi mna mikoko, msitu, magofu ya Gede yaliyoingia orodha ya UNESCO 2024, na chapati.

Yaliyobaki ni ya ofisi. Mida iko ndani ya hifadhi ya bahari ya Watamu kwa hivyo barua ya KWS (shirika la wanyamapori) mapema, msitu una KFS (la misitu) na KWS, tena muombe askari wa kuandamana nanyi kwa sababu Arabuko ina ndovu na si hadithi. Mtu wa huduma ya kwanza awepo kila njia. Ijumaa msiweke kitu mchana, Jumapili asubuhi wengi wako kanisani, kwa hiyo Jumamosi ibebe uzito. Jumamosi ya pili ya mwezi wa kumi ni Siku ya Ndege Wahamao Duniani, siku ambayo ilizinduliwa hapa hapa Kenya, Laikipia, 2006, na siku hizi iko mara mbili kwa mwaka. Ile nyengine ya mwezi wa tano kwetu haina maana sana, wengi wao washarudi kaskazini. Vuli inaweza kuanza kunyesha siku hizo, pangeni mahali pa paa la makuti na kazi ya ukili iwe ndio ya kukimbilia mvua ikija.

Tarehe yenyewe hukunitajia. Ukishaafikiana na wenzako niandikie, tuangalie maji ya siku hiyo kabla hujaenda kwa mvuvi, japo ukimuuliza yeye kwanza utakuwa umepata jibu haraka zaidi.